Bega la Kushoto

Baba yangu alinifundisha ushonaji kwa kunikataza kusema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa kando ya cherehani yake kwenye baraza ya duka moja mjini Malindi, na mteja wa kwanza niliyempima mwenyewe alikuwa mwanamume mwenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Nikatangaza kwa sauti, futi ingali mkononi, kwamba suruali yake itabidi upande mmoja upunguzwe. Baba akanifinya. Mteja alipoondoka akanieleza kwamba fundi huona, hukata, hunyamaza. Akija mwenye kibiongo unaongeza kitambaa mgongoni. Akija mwenye tumbo unaongeza urefu mbele. Humwambii kitu. Anavaa, anajitazama kwenye kioo, anajiona yuko kama watu wengine, anakushukuru na kwenda zake. Baba mwenyewe alifunzwa hivyo na mzee mmoja wa mji wa kale aliyeshona kanzu tangu ujana wake, na neno walilolipenda wote wawili lilikuwa kusitiri.

Nimeanza na baba kwa sababu nataka ieleweke nilikosea wapi. Watu wakinihurumia huniambia sikujua. Nilijua. Niliona kabla ya kocha na kabla ya daktari, nikafanya nilichofunzwa kufanya.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alipofariki niliihamishia cherehani yake Matsangoni, nyumbani kwa mama, nikajenga kibanda cha mabati kando ya barabara kuu. Nilishona sare za shule, majoho ya kwaya, na madera ya wanawake waliotaka shingo iwe kama ile waliyoiona kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa mlinzi wa lango katika hoteli moja huko Watamu. Siku zake za mapumziko alikwenda Kilifi kupigana.

Kupigana kwenyewe ni ule mchezo wa mseto, ngumi na mateke na mieleka vikiwa kitu kimoja, ambao vijana huuita MMA na mama aliuita ugomvi. Walifanyia mazoezi katika bohari iliyokuwa ya korosho, juu ya magodoro yaliyoshonewa turubai. Walikuwa kama kumi na watano: Wagiriama kutoka Ganze, watoto wa mjini, wawili watatu wa bara. Kocha wao naye alikuwa mtu wa bara, aliyekuja pwani kwa kazi ya ujenzi akabaki. Matsangoni nzima ilimcheka ndugu yangu. Walisema wengine hupigwa bure nyumbani kwao, huyu anaomba ruhusa kazini ili akapigwe. Yeye alicheka nao. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na ndiyo sababu hakuna aliyeamini kwamba anaweza kumwangusha mtu, mpaka waliposikia ameshinda Mtwapa, halafu Mombasa.

Nguo zilianza kwa kaptura iliyopasuka. Vijana wale walivaa mitumba, na kaptura ya mtumba haikukatwa kwa ajili ya mtu anayerusha mguu mpaka kwenye sikio la mwenzake. Ilimpasukia mbele ya watu, akaniletea niitie kiraka. Nikamwambia kiraka hakitasaidia, shida ni mkato. Nikamshonea nyingine, nikaweka kipande cha pembe nne katikati ya miguu ili kitambaa kisivute, na mpasuo kila ubavu. Akaivaa Kilifi. Wiki iliyofuata walikuja wenzake sita kupimwa, wakapanga foleni nje ya kibanda pamoja na watoto wa sare, masikio yamewavimba kama maandazi.

Wazo la kuwauzia wasiopigana lilikuwa langu. Naliandika wazi kwa sababu wapo wanaosema mdogo wangu ndiye aliyenivuta. Niliwatazama vijana wa bodaboda na wale wa ufukweni, nikaona kwamba wanaotaka kufanana na mpiganaji ni wengi sana kuliko wanaotaka kupigwa. Nikabuni fulana zinazobana mabegani na kuachia kiunoni, makoti yenye kofia ya kitambaa chepesi kinachovumilika kwa joto letu, suruali za kukimbilia, chepeo. Kifuani neno moja: Bado. Lilikuwa neno lake. Kocha akimuuliza kama amechoka, alijibu hivyo, na wenzake wakalizoea mpaka wakawa wanalijibu wote kwa pamoja. Fulana zilichapishwa Malindi. Makoti niliyatarizi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nashona kitu ambacho hakuna aliyeniagiza. Sijui kama asiye fundi ataelewa. Miaka yote nilishona walichotaka wengine, rangi ya shule yao, urefu aliousema mchungaji wao. Sasa nilikata kitu kilichotoka kichwani mwangu na watu wakakitaka. Nilikuwa na furaha isiyo nzuri, ile ya kumfanya mtu asisikie akisemeshwa. Mama alizoea kuniita mara tatu kabla sijageuka.

Tukapanga uzinduzi. Hoteli moja ya Malindi ilikubali kutupa uwanja wake wa nyuma Jumamosi alasiri. Nguo zingevaliwa na wapiganaji wenyewe badala ya warembo, kisha kungekuwa na pambano la maonyesho la raundi tatu kati ya mdogo wangu na mpinzani kutoka Mombasa. Kabla ya pambano angetoka amevaa joho jeusi la satini lenye tarizi ya uzi wa dhahabu, la kufika magotini, na hiyo ndiyo picha ambayo tulitaka izunguke. Kila kitu kilimtegemea yeye, sura yake, mabega yake, namna anavyotembea. Mabango yenye uso wake yalikuwa yamebandikwa toka Kilifi hadi Malindi.

Wiki kama sita kabla ya siku hiyo aligongwa kichwani kwa goti mazoezini. Hakuanguka. Alikaa chini kidogo, akanywa maji, akaendelea. Aliniambia mwenyewe jioni huku akicheka, akanishikisha nundu juu ya sikio la kulia. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma kila asubuhi, akawa ananunua vidonge duka la jirani na kuvitafuna bila maji. Mama alisema ni joto. Mimi nami nikasema ni joto.

Joho nilimjaribisha mara ya kwanza siku ishirini kabla ya uzinduzi. Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani tangu sare yake ya darasa la kwanza, lakini satini haina msamaha, nikataka uhakika. Alikuja kibandani mchana, mapema kuliko tulivyoagana, akakaa kwenye kiti cha wateja akizungusha kofia yake mikononi. Nilikuwa na haraka. Nilimvalisha joho likiwa limeshikizwa kwa nyuzi tu, nikarudi nyuma hatua mbili. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka. Upindo wa kushoto ulipita goti na wa kulia haukulifikia, na mkono wa kushoto ulifunika nusu ya kiganja. Nikadhani nimekata vibaya. Nikamvua, nikalikunja joho katikati, nikalilaza mezani. Pande zote mbili zilikuwa sawa, hakuna tofauti hata ya uzi. Nikamvalisha tena. Likashuka tena.

Nilimwambia asimame wima.

"Nimesimama wima, dada," akasema.

Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kuambiwa kitu, na mimi nilikuwa na pini tatu mdomoni. Sikuzitoa. Nilichukua chaki nikaweka alama. Nikatia sponji ya unene wa kidole ndani ya bega la kushoto, nikafupisha mkono wa upande ule, nikapandisha upindo. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, kama inavyofanya kwa mteja yeyote. Nilipomvalisha mara ya tatu alionekana amenyooka kabisa. Nikamwambia amependeza. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, akalipapasa lile bega, akavua, akanishukuru, akaenda kazini.

Wiki iliyofuata nilimjaribisha tena. Bega lilikuwa limeshuka zaidi. Nikafumua, nikaongeza sponji ya pili.

Ningependa kuandika kwamba sikuogopa. Niliogopa. Nilijiambia ni uchovu wa kusimama langoni, ni kulalia upande mmoja, ni msuli. Chini ya hayo yote nilijua kwamba nikiuliza nitajibiwa, na jibu litaniondolea Jumamosi yangu. Basi nikashona. Nilishona vizuri sana, mishono midogo ya mkono ambayo huioni mpaka uigeuze nguo ndani nje.

Mama naye aliona yake. Alisema kandambili ya kushoto inamtoka mwanawe mguuni anapotembea, na kikombe kimemponyoka mara mbili. Kwake kilikuwa kijicho: mabango yale yote barabarani, uso wa mtoto wake mbele ya kila mpita njia. Alitaka tumpeleke Vitengeni kwa mtu anayemjua, atazamwe. Nilimcheka. Nilimuuliza vipi kila Jumapili yuko kanisani na bado anawataka waganga, na mpiganaji gani atatokea mbele ya watalii na hirizi kiunoni. Mama akaendelea kuchambua mchicha wake. Alikosea sababu, lakini alikuwa ameona, na alitaka mwanawe atazamwe na mtu, yeyote yule. Huenda hata huyo wa Vitengeni angemwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, akaona mmoja unashuka.

Siku mbili kabla ya uzinduzi kocha alipita kibandani kuchukua kaptura. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake cha bara hakikuwa na mapambo wala kuzunguka. Aliniambia kijana anachelewa kuinua mkono wa kushoto, na akiulizwa anasema ni msuli. Alisimama mlangoni, hakuketi nilipomkaribisha.

"Wewe unakaa na yeye," akasema. "Kuna kitu umeona?"

Joho lilikuwa limetundikwa nyuma yangu, tayari limepigwa pasi.

"Hapana," nikamwambia. "Yuko sawa."

Akashukuru, akaondoka na kaptura zake. Lingemtosha neno moja. Huyu ni kocha aliyewahi kumtoa mtu kwenye pambano kwa sababu ya mafua.

Jumamosi ilikuja na jua kali. Watu walijaa uwanja ule wa nyuma kuliko tulivyotegemea, wengine wamesimama juu ya kuta za maua mpaka mwenye hoteli akawa anawabembeleza washuke. Vijana wa bohari walipita mmoja mmoja na fulana na makoti yetu, wakijitahidi kutocheka, na watu walipiga makofi kwa dhati. Niliona msichana nisiyemjua amevaa fulana ya Bado aliyoinunua mlangoni, ameifunga fundo kiunoni, na nikafikiri, sasa zimekuwa nguo za watu. Nasema kweli kwamba dakika zile zilikuwa nzuri. Nimejaribu kuzichukia nikashindwa.

Kisha akatoka yeye. Joho lilimkaa kama ngozi. Mabega yalikuwa mstari mmoja, upindo ulizunguka magoti bila kuyumba, dhahabu ikameremeta. Wapiga picha walimsogelea na akasimama walipomwambia asimame. Alipofika kwenye ulingo nilikwenda kumvua mwenyewe, kwa sababu tulikuwa tumepanga iwe hivyo, dada amvue ndugu yake. Nikashusha satini mabegani mwake na jua likampiga. Upande wa kushoto wote ulikuwa chini, bega, mkono, hata kona ya mdomo. Mtu yeyote aliyesimama pale nilipokuwa angeona. Aliyesimama pale ni mimi peke yangu. Nikalikunja joho, nikashuka nalo.

Raundi ya kwanza haikufika katikati. Kocha alikuwa akimpigia kelele ainue mkono, mkono juu, mkono juu, na mkono ulikuwa unainuka nusu na kurudi. Ngumi iliyompata haikuwa kubwa. Yule wa Mombasa aliniapia baadaye huku akilia kwamba aliirusha kwa kupima tu, akijua itazuiwa. Ndugu yangu alikaa chini kama mtu aliyekosea kiti. Watu wakacheka, kwa sababu walimjua ni mcheshi, na yeye mwenyewe alikuwa na sura ya kutabasamu upande mmoja. Akajaribu kuinuka kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia peke yake, akawa anazunguka pale pale juu ya turubai. Hapo watu wakaacha kucheka. Alitapika, kisha hakujibu tena alipoitwa.

Gari la hoteli lilimkimbiza hospitali, na kutoka pale akapelekwa Mombasa, ambako kichwa chake kilifunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alitukalisha mama na mimi akatueleza polepole kwamba damu aliyoikuta haikuwa ya siku ile peke yake. Kulikuwa na damu ya zamani, ya wiki kadhaa, iliyokuwa ikiukandamiza ubongo kidogo kidogo, na ngumi ile ilikuwa imeongeza mpya juu yake. Ile ya zamani, alisema, ikigunduliwa mapema hutolewa, na mtu akarudi nyumbani kwake. Akatuuliza kama hakukuwa na dalili, kuburuta mguu labda, au kuinama upande mmoja.

Mama akasema kandambili. Akaanza kulia, akisema angelazimisha, angempeleka popote, yeye ndiye mama na aliona. Mimi nikamshika mkono, nikamwambia asijilaumu, hakuna aliyejua. Nilikuwa na mfuko wa kitambaa mapajani, na ndani yake lilikuwemo joho.

Aliishi. Mkono wa kushoto umejikunja kifuani na haufunguki, mguu anauburuta, na maneno humjia kwa kuchelewa, mengine hayaji kabisa akabaki anaonyesha kwa kidole. Hoteli ilimtafuta mlinzi mwingine, na sina la kuwalaumu. Mama ndiye aliyempunguzia aibu ya kuogeshwa, kwa kumwogesha huku akimsimulia habari za majirani kana kwamba hakuna kinachofanyika.

Picha ya joho ilizunguka kama tulivyotaka. Ya kuanguka ilizunguka pia, lakini watu wa mavazi waliipenda ile ya kwanza. Walinipigia simu kutoka Mombasa na hata Nairobi wakitaka joho lile lile, na mmoja aliniuliza niliwezaje kuyafanya mabega yakae mraba namna ile, maana mafundi wake wanashindwa. Nilikata simu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na hilo silikatai. Fulana zilizobaki niliziachia zikaisha, sikuchapisha nyingine, nikarudi kwenye sare za shule. Joho nalo nililifumua bega, nikatoa sponji zote mbili nikazitupa chooni. Satini yenyewe iko kabatini. Mama huniuliza mbona sitoi kitambaa kizuri kama kile nikamshonea mtu, nami humwambia kimeingia nondo.

Hakuna niliyemwambia. Kocha aliifunga bohari, akarudi bara, na alipokuja kutuaga aliniomba msamaha mimi, ameinamisha kichwa, kwa kumwacha kijana apigane. Niliupokea. Nilimwambia hakuwa na namna ya kujua.

Asubuhi moja, mwaka na kitu baadaye, nilikuwa namvalisha ndugu yangu shati tumpeleke kliniki. Huanza na mkono wa kushoto, ule usiojiweza, kisha wa kulia, kisha vifungo. Nilikuwa kwenye kifungo cha pili nikajikuta nimeanza kusema. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia niliona bega siku ile ya kwanza, nikaona tena wiki iliyofuata, nikalishonea. Nikamwambia kocha aliniuliza nikamdanganya, na kwamba mama hajui mpaka leo. Yote niliyasema nikitazama vifungo. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimelingojea tusi hilo muda mrefu, na nadhani lingenisaidia.

Kisha akaniwekea mkono wake wa kulia begani, kama anayetaka kunituliza.

"Nilijua umeona," akasema.

Nikamtazama.

"Mkono ulikuwa umekufa ganzi," akasema, neno moja moja. "Nilikuja mapema siku ile, nikwambie. Nilikuwa naogopa sana, dada. Ukanivalisha. Nikashika bega, nikakuta sponji. Nikasema, dada ameona, na hakushtuka. Basi si kitu. Nikaacha kuogopa."